Mwezi wa pili hauna benki

Ukifika Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, mwezi wa kumi na moja unaweza kudhani umaskini ni hadithi ya mikoa mingine. Minada ya korosho imepamba moto, fedha zimeanza kusoma kwenye akaunti za wakulima, na barabara za vumbi zimejaa pikipiki mpya ambazo viti vyake bado vina nailoni. Wauza magodoro wamepanda kutoka Dar es Salaam, wa mitumba wametoka Masasi, na mama wa chipsi hazimi jiko mpaka saa tano usiku. Rudi palepale mwezi wa pili. Mvua inanyesha, mahindi yako magotini, na duka lililokuwa halipitiki kwa wateja limebaki na chumvi, viberiti na daftari nene la madeni.

Anayetaka kuielewa mikopo ya vijijini asimame katikati ya miezi hiyo miwili. Sisi waandishi, na wataalamu tunaowanukuu, tunapenda kuzungumzia kiasi: bilioni ngapi zimetengwa, vikundi vingapi vimepata, riba asilimia ngapi. Ni nadra mtu kuuliza fedha hizo zilitoka mwezi gani. Mimi naona kwenye mkoa unaoishi kwa zao moja swali la mwezi ndilo la kwanza, riba inafuata nyuma. Na aliyelielewa hilo kabla yetu sote ni mfanyabiashara tunayemkimbiza na mgambo.

Namsema mnunuzi wa kangomba. Kangomba ni kipimo cha kopo au bakuli kinachotumika badala ya mzani, na jina la chombo likageuka jina la biashara yenyewe. Mnunuzi huyu anakuja wakati wa kifuku, msimu wa mvua, akiwa na fedha taslimu, anakulipa leo kwa korosho ambazo mti haujaanza hata kuzitolea maua. Ni haramu. Kila msimu inapigwa marufuku, na kila msimu inarudi. Kagera wanayo kwenye kahawa na wanaiita butura. Kule Mbinga wanaiita magoma. Mazao tofauti, watu tofauti, pembe mbili za nchi zisizosalimiana, na biashara ni ileile. Jambo linalojiotea lenyewe kila mahali namna hiyo sikubali kwamba linatokana na ujinga wa mkulima.

Tupige hesabu, ya kubuni lakini isiyo mbali na ukweli. Mwezi wa pili unachukua shilingi 1,000 kwa kila kilo utakayomkabidhi mwezi wa kumi. Kilo hiyohiyo ingepitia mnadani, baada ya makato yote tuseme ingekuachia 3,000. Hapo nimekuwa mchoyo, maana minada ya kwanza ya msimu wa 2024/25 ilivuka 4,000 kwa kilo. Kwa miezi minane umelipa 2,000 juu ya 1,000, yaani asilimia 200. Kikoba cha kijijini, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi, riba ambayo watu wa mjini wakiisikia wanashika vichwa, kingekuchukulia 80. Mkopeshaji mwenye leseni, akiheshimu ukomo wa Benki Kuu wa asilimia 3.5 kwa mwezi, angekuchukulia 28. Kwa hesabu ya ubaoni hakuna mwenye akili zake angeenda kwa kangomba.

Wanaenda. Mwenye leseni hayupo Newala vijijini mwezi wa pili, na kama yupo anataka hati ya nyumba au karatasi ya mshahara. Na kikoba, nitakieleza hivi punde, mwezi wa pili sanduku lake ni jepesi. Lakini ipo sababu nyingine ambayo viongozi hawapendi kuisikia. Kangomba analipa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi mzigo ghalani, hupewa stakabadhi na kulipwa baada ya mnada, ulipoingia kwenye korosho msimu wa 2007/08 uliahidi bei ya ushindani, na bei kweli ilipanda, ila ulimfundisha mkulima kusubiri. Aprili 2013 Liwale iliwaka moto, nyumba zikachomwa, kwa hasira za malipo ya korosho yaliyopungua. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za mnadani, na Novemba serikali ya Rais Magufuli ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kusomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri. Malipo yakafuata uhakiki wa mashamba, na wapo waliovuka mwaka mpya wakiwa na stakabadhi tu mkononi. Mtu aliyepitia hayo akiuza kwa bei ya kutupa anajua anachokifanya. Sehemu ya ile asilimia 200 ni bima yake dhidi yetu.

Sasa tuje kwenye kikoba, ambacho nakipenda na ndiyo maana nitakisema.

Mbegu yake ilipandwa mwaka 1991 huko Maradi, Niger, ambako shirika la CARE lilifanya kazi na wanawake wa Kihausa waliokuwa na mazoea yao ya kuchangishana. Wakaita Mata Masu Dubara. Mbinu ikasambaa Afrika nzima, na kwetu ilipofika ikapewa jina la kifupi cha Kiingereza, VICOBA (Village Community Banks). Raia wakakisikia hicho kifupi, wakaona kinaanza na "vi", wakakitia kwenye ngeli bila kumwomba mtu ruhusa: kikoba kimoja, vikoba viwili. Sijui lugha gani nyingine ingeweza kukitafuna kifupi cha wafadhili namna hiyo. Na hakikukuta uwanja mtupu. Upatu ulikuwepo, na kijumbe wake anayezunguka na daftari, na kuzikana kulikuwepo kabla ya shirika lolote.

Utaratibu wake unajulikana. Watu kati ya kumi na tano na thelathini, kikao kila wiki, kila mmoja ananunua hisa kuanzia moja hadi tano. Sanduku la bati lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti ambao hawalali nyumba moja. Wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, wote wanasikia. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa msiba na maradhi. Unaweza kukopa mpaka mara tatu ya hisa zako. Mwisho wa mzunguko, baada ya mwaka hivi, sanduku linavunjwa na kila mtu anaondoka na chake pamoja na faida. Katika vijiji vya Waislamu, ambavyo kusini ni vingi, neno "riba" halitamkwi kikaoni, husemwa "ada" au "faida", na mashehe wana maoni yao kuhusu jambo hilo. Siyaingilii.

Nguvu ya kikoba ni ukaribu. Hakuna afisa mikopo anayejua kama mama wa karanga anaumwa kweli au anakwepa marejesho, jirani yake anajua. Wageni wakisikia kwamba mwanachama amekopa kwa ajili ya unyago wa binti yake wanaguna, wanasema fedha za korosho zinaishia ngomani. Wangekaa wakaona nani alichangia sherehe ya nani, na nani baadaye alimdhamini nani kwenye sanduku, wangeguna kidogo.

Lakini ukaribu huohuo ndio ugonjwa wake. Wanachama wote ishirini na tano wanaishi kwa mkorosho. Fedha zinawajia wote mwezi mmoja na kuwaishia wote mwezi mmoja. Novemba kila mtu anataka kununua hisa tano na hakuna anayetaka kukopa, sanduku linavimba. Desemba linavunjwa, kwa sababu kuna sikukuu, kuna sare na madaftari ya Januari, na ndivyo walivyofundishwa. Mzunguko mpya unaanza Januari na hisa mojamoja za shilingi elfu moja. Februari, mwezi ambao mahitaji ya mkopo ni makubwa kuliko wakati wowote, sanduku lina wiki tano au sita za akiba ya watu wasio na akiba. Benki hukusanya amana za mwalimu wa Mbeya ikamkopesha mvuvi wa Mafia, kwa hiyo njaa ya mmoja haikutani na njaa ya mwingine. Kikoba hakina Mbeya wala Mafia. Mvua ikikatika au ugonjwa wa ubwiri unga ukiteketeza maua, mkopaji, mdhamini na mweka akiba wameanguka siku moja.

Lipo jingine, dogo lakini linaniudhi. Gawio hufuata hisa, halifuati riba uliyolipa. Chukua mwalimu mwenye mshahara anayenunua hisa tano kila wiki, na mama wa karanga anayenunua moja. Mama anakopa kila mara kwa sababu biashara yake haiishi bila mkopo. Mwalimu anakopa mara moja tu, tena kwa sababu katiba inamlazimisha ili sanduku likue. Siku ya kuvunja, riba ya mama imegawanywa kwa hisa, na fungu kubwa limeenda kwa mwalimu. Si wizi, imeandikwa na wote wametia dole gumba. Ila tunapoimba kwamba kikoba ni maskini kumwinua maskini, tukumbuke kwamba mara nyingi anayekopa ndiye anayemnenepesha anayeweka.

Kwa hiyo sikushangazwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliofuatilia vikundi vya aina hii Ghana, Malawi na Uganda. Waligundua biashara za kaya ziliimarika na wanawake walipata sauti zaidi nyumbani. Matumizi ya kaya kwa wastani hayakuonekana kubadilika. Wapinzani wa vikoba walichukua nusu ya pili, mashirika yakachukua ya kwanza. Mimi nazisoma zote pamoja: chombo kinafanya kazi, mfuko wake ndio mfupi.

Tutoke kwenye sanduku twende dukani, maana benki halisi ya kijiji iko pale. Mwenye duka huchukua mali kauli kwa mtu wa jumla Masasi au Mtwara, sukari, sabuni, unga, mafuta ya kupimia, na kuanzia Januari anauza kwa daftari. Kufikia mwezi wa pili mtaji wake wote umehama kutoka rafu umeingia kwenye mistari ya kalamu. Hana tena cha kumlipa wa jumla, wa jumla anagoma, rafu zinakauka, na wateja wake wanahamia kwa kangomba, maana sasa wanahitaji fedha taslimu kununulia unga kwingine. Duka linapokufa Machi halikufa kwa uvivu wa mwenye duka. Amekopesha kijiji kizima bila riba na bila dhamana, na hakuna aliyemkopesha yeye. Mama lishe, fundi baiskeli na kinyozi wanafuata njia hiyohiyo, maana mteja wao ni mmoja. Kijana asiyetaka kusubiri Novemba anapanda basi. Tusisahau kwamba jina tunalowaita wachuuzi wote wa nchi hii, machinga, ni jina la kabila la Lindi.

Kwenye mipango yetu watu hawa wanaitwa "wajasiriamali", wanatengewa mafunzo ya siku tatu ya kuandika mpango wa biashara. Sina ugomvi na mafunzo. Lakini mwenye duka anayekumbuka madeni ya kaya sitini bila kufungua daftari hahitaji kufundishwa kutunza kumbukumbu. Anahitaji milioni moja kuanzia Februari, ailipe Novemba.

Je, mkono wa serikali unampa? Tangu 2018 ni takwa la sheria kwamba halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni wazo zuri. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu kuonyesha vikundi hewa na marejesho yasiyofuatiliwa. Ilirudi mwaka wa fedha 2024/25 na sura mpya: halmashauri kumi za majaribio zitoe kupitia benki, Mji wa Newala ukiwa mmojawapo, nyingine ziendelee zenyewe chini ya kanuni mpya.

Mjadala wote ulihusu wizi, na wizi ulikuwepo. Lakini tazama kalenda. Halmashauri za Mtwara nazo ni wakulima wa korosho, kwani ushuru wa zao ndio unaojaza hazina yao, tena unaingia minada inapoendelea. Maana yake asilimia 10 ya fedha hizo inakuwa imeiva Januari, hatua moja tu kabla ya mwezi wa shida. Ni bahati ambayo mpangaji yeyote angeiomba. Badala yake kuna maombi, kamati ya kata, uhakiki, kamati ya wilaya, mafunzo, mkataba, kufungua akaunti, na fedha zinashuka wakati zinaposhuka. Zikishuka, marejesho ni ya kila mwezi. Marejesho ya kila mwezi yalibuniwa na mtu mwenye mshahara. Kikundi cha ufugaji wa kuku kinachopewa fedha Juni na kudaiwa Julai kinalipa kwa fedha ileile iliyopewa, halafu tunashangaa kwa nini Septemba kimetoweka.

Tena fedha ya kutoka juu ina tabia ya kuunda kikundi chake. Watu wasiokaa pamoja hata siku moja wanajikuta na katiba, muhuri na mwenyekiti wiki mbili kabla ya fomu kufungwa. Kikoba cha miaka sita chenye wanawake wasiojua kusoma, waliowahi kufukuza mwanachama kwa deni la shilingi elfu kumi na mbili, hakina muhuri. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliviweka vikundi vya kijamii daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, na nakubali kuna ulinzi hapo. Ningependa kuona siku ambayo daftari la vikao la miaka sita linahesabiwa kuwa na uzito kuliko muhuri.

Nini kifanyike? Jirani zetu wa Zambia wana jibu la sehemu. Katika wilaya ya Chipata watafiti walizipa kaya za wakulima mkopo mdogo wa fedha au mahindi katikati ya miezi ya njaa, ulipwe baada ya mavuno. Wengi walilipa. Walikula vizuri zaidi, walipunguza kwenda kuuza vibarua kwenye mashamba ya wengine, wakabaki kwao wakipalilia, na mavuno yao yakaongezeka. Hakuna aliyefundishwa kilimo kipya. Walipewa mwezi.

Huku kusini njia ya kuurudisha mkopo kama huo tayari ipo. Korosho zinapita AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, zinaingia ghala kuu la TANECU au MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vya huku, zinauzwa, na kabla mkulima hajaona shilingi makato yamepita. Mfumo unaoweza kukata ushuru unaweza kukata mkopo wa Februari. Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Aprili 2025 imezaliwa kwa kazi za namna hii. Kinachonisitisha ni neno lenyewe, makato. Mkulima wa kusini akilisikia anashika mfuko, kwa sababu mengi yamekatwa ambayo hakuyaelewa. Kwa hiyo ningeanza na duka na kikoba kabla ya mkulima mmojammoja: AMCOS au halmashauri iweke fedha ndani ya sanduku Februari kama mwanachama wa muda, ikopeshwe kwa masharti ya kikoba, mbele ya watu wanaojuana, itoke Novemba. Mwenye duka alipe wa jumla, unga urudi rafuni. Mnunuzi wa kangomba tusimkimbize, tumkute kijiji hakina shida naye.

Na kikoba chenyewe kinaweza kuanza bila kumsubiri mtu. Kivunje nusu tu ya sanduku Desemba, nusu ibaki kwa ajili ya mikopo ya kifuku. Nililisema hili barazani kwa kikundi kimoja cha kina mama huko uwandani mwa Makonde, nikijiona nimeleta hekima. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha bibi mmoja, mhesabu fedha, akaniuliza: "Mwanangu, sanduku lenye milioni tatu, mwezi wa pili, kijiji kina njaa. Litalala kwa nani?"

Wote wakamgeukia mwekahazina, ambaye sanduku hukaa chini ya kitanda chake. Aliendelea kufunga kufuli ya tatu, hakusema neno.